Maji ya Mvua kwa Samaki wa Mzee Ndesanjo

Jumatatu, 10 Machi

Leo ni miezi mitano na siku nane tangu nitoke Kigoma. Daftari hili kanipa Mzee Ndesanjo niandike joto la maji asubuhi na jioni, lakini joto linachukua mstari mmoja na ukurasa unabaki mtupu. Maulida, mke wangu, aliniambia siku ile ya kuondoka, "Andika siku zako, ukirudi unisomee. Kwa simu unasema 'salama' tu." Shule niliiacha kidato cha pili, ila kuandika naandika.

Nilikuja kwanza Usa River, shamba la maua, kusukuma toroli la mbolea. Mzee alifika pale siku moja kutafuta mchanga, akasikia lafudhi yangu.

"Kijana, wewe wa wapi?"

"Kigoma, mzee."

"Basi samaki unawajua."

Nikasema nawajua. Ninachojua ni kuwala. Hilo sikulitaja, maana mgongo ulikuwa umechoka na toroli.

Nyumba iko Kijenge, Arusha mjini. Chumba kilichokuwa cha wageni kina matenki matatu ya kioo. Chini ni mchanga, juu ya mchanga makombe matupu ya konokono. Samaki wenyewe hawafiki urefu wa kidole changu kidogo, wana mistari myembamba ubavuni, na wametoka ziwa letu, Tanganyika. Kila jike ana kombe lake. Humo analala, humo anataga, humo anakimbilia akiona kivuli cha mtu. Kwetu wangepita kwenye tundu la wavu na hakuna angewaita samaki. Huku kuna watu wanawaagiza, na hoteli moja ya Usa River inataka arobaini wa kuweka mapokezi mwezi wa sita.

Nilimwahidi Maulida nitarudi masika ikiisha. Joto 25.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mlima Meru haujaonekana siku ya tatu. Umeme ulikatika na pampu ya hewa ikazima, nikapuliza hewa kwa pampu ya baiskeli. Lemburis, mlinzi wetu wa getini, alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 16 Machi

Lemburis kaja tena kuchungulia. "Kigoma, hebu nielewe. Mimi nachunga ng'ombe, nakunywa maziwa. Wewe unachunga hawa, unakunywa nini?"

"Nakunywa mshahara."

"Huo hata kwenye konokono unaingia."

Dada Aikaeli hakucheka. Ndiye mpishi na msimamizi wa nyumba, mwaka wa kumi na moja sasa, Mmeru wa Tengeru. Akicheka huziba mdomo kwa kiganja kwa sababu meno yake ni ya kahawia. Nilidhani ni tumbaku. Leo kaniambia mwenyewe: maji ya huku yanayotoka ardhini yana madini yanayokula meno ya watoto, na kwa wengine mifupa hupinda. Ndiyo maana nyuma ya nyumba kuna simtanki la kukinga mvua ya paa, na koki yake ina kufuli, na funguo anazo yeye.

"Wewe mtu wa mbali," akasema, "usinywe ya bomba. Chukua ya mvua. Meno yako bado mazuri."

Simpendi sana. Anatembea na funguo kama askari jela, na tangu Ramadhani ianze ananiuliza kila jioni kama nimeshiba. Naona kama ananihesabia chakula. Lakini hilo la maji limenikaa. Nimewatazama samaki. Mifupa yao ni kama uzi, na maji wanayoogelea mwaka mzima ni hayohayo ya bomba.

Jumatano, 19 Machi

Joto 25. Mvua. Watoto wapya mdomoni mwa kombe, tenki la pili.

Ijumaa, 21 Machi

Mzee kaenda Machame kuzika binamu, atarudi Jumatatu. Kabla ya kuondoka amerudia amri yake ileile: maji ya bomba, yalale kwenye pipa siku nzima, ndoo moja kwa wiki, basi.

Simtanki limejaa, linamwagika. Nikamwambia Aikaeli nataka maji ya mvua kidogo. Hakuuliza ya nini. Alifungua kufuli akaniachia koki wazi, akasema tu, "Usiyamalize, maharage hayaivi kwa ya bomba."

Nimetoa karibu maji yote ya tenki la kwanza, nikajaza ya mvua. Nimetoa ya tenki la pili, nikajaza ya mvua. Kwa la tatu nikakumbuka maharage, nikaacha kama lilivyo. Maji yamekuwa maangavu mpaka ukidondosha sindano unaiona ikitua. Nimefuturu nikiwa na furaha. Mzee atashangaa.

Jumamosi, 22 Machi

Wamejificha wote, la kwanza na la pili. Nadhani wanapumzika kwenye maji mazuri. Hawakuja kula. Joto 23.

Mende wameingia na mvua, Aikaeli kapuliza dawa jikoni. Mzee hataki dawa hiyo ndani ya nyumba. Akaniambia nisimseme.

Jumapili, 23 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi niliingia nikasikia harufu kabla sijawasha taa. Maji yale maangavu yalikuwa yameanza kuwa na ukungu. Hakuna samaki hata mmoja aliyekuwa akielea. Nikajipa moyo: samaki akifa si anaelea? Nikatupa chakula. Kikazama, kikalala juu ya mchanga.

Nikachukua kombe moja, nikalitikisa ndani ya bakuli. Jike akatoka, mdomo wazi. Nikachukua la pili. La tatu. Hawa hawafi hadharani. Wakiona hatari wanaingia ndani na kuziba mlango kwa mwili wao, na hatari yenyewe ilikuwa maji, na kombe limejaa maji hayohayo. Nimetikisa makombe yote ya matenki mawili, mengine nikayagonga kwenye kiganja kama mtu anayetoa ugoro. Kwenye kombe moja mama alikuwa amekwama, nikamvuta kwa kijiti cha fagio. Nyuma yake wakatoka watoto, wadogo kama mbegu za nyanya, wamegandana.

Kisha nikageuka nikatazama tenki la tatu. Lile la maji ya zamani. Walikuwa wakichimba mchanga kwa midomo, wanafukuzana, wana njaa. Nilijua hapohapo. Hakuna aliyenifundisha. Ila nilijua.

Saa sita Aikaeli akarudi kutoka ibadani. Alisimama mlangoni na Biblia yake kifuani, akaona bakuli.

"Mungu wangu," akasema. "Dawa yangu."

Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na muda wa kutosha. Alienda kukaa kwenye ngazi ya jikoni, akakaa mpaka saa tisa na hakuvua hata nguo za kanisani, na muda wote huo mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwake, naosha makombe.

Jumatatu, 24 Machi

Mzee karudi saa nne. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Nani aliingia humu?"

"Mimi tu, mzee," nikasema.

Aikaeli akatoka jikoni, kanga kiunoni, akasimama wima. "Mzee, Jumamosi nilipuliza dawa ya mende. Ulinikataza, nikapuliza. Mlango huu haukuwa umefungwa vizuri. Ni mimi."

Mzee akamtazama. Miaka kumi na moja si mchezo. Mkewe alipougua mpaka akafariki, huyu ndiye alikuwa akimgeuza kitandani. Samaki hawa mzee alianza kuwafuga baada ya msiba ule, kila baada ya chai ya jioni anavuta kiti anakaa mbele yao. Akatembea mpaka kwenye tenki la tatu. Ndilo lililo karibu na mlango wa jikoni kuliko yote.

"Na hili? Hili ndilo liko mlangoni. Mbona hawa wazima?"

Nilikuwa nimefunga. Ulimi wangu haukuwa na hata tone la maji, na bado ukateleza.

"Hilo nililifunika kwa shuka, mzee. Niliona baridi."

"Mbona hukufunika yote?"

"Nina shuka moja."

Mzee akanishika bega. "Ahsante kwa shuka lako," akasema. Kisha, bila kumtazama Aikaeli, akamwambia akapumzike nyumbani kwao mpaka atakapomwita. Aikaeli hakubishana. Alirudi jikoni akazima maharage, akayaweka chumvi, akayafunika.

Jumanne, 25 Machi

Kaondoka. Funguo ameziweka mezani kwa mstari. Joto 25.

Alhamisi, 27 Machi

Mzee kaniletea blanketi jipya. Limelala pembeni kwenye mfuko wake. Nimejifunika shuka.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimepika wali ukawa uji. Maulida kapiga simu akauliza mbona sauti yangu iko chini. Nikamwambia mafua.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Joto 24. Tenki la tatu wote wazima. Kila asubuhi lazima niwalishe.

Jumatatu, 14 Aprili

Lemburis ndiye ananisaidia kufua mashuka ya mzee. Leo ameniuliza, "Siku hizi hushibi? Wakati wa mfungo ulikuwa unakula daku kama mfalme." Nikamwambia nilikuwa nakula mabaki yaliyokuwa kwenye hotpoti. Akanishangaa. "Mabaki gani, Kigoma? Yule mama alikuwa anaamka saa tisa, anapika, anarudi kulala. Mimi niko getini, naona taa yake."

Kumbe. Na mimi nilisema ananihesabia.

Nimepanda juu ya simtanki kusafisha bomba la paa. Nimekuta kitambaa cha kuchujia, kimeshonwa kwa mkono, na kipande cha bomba kinachotolewa mvua ya kwanza inaponyesha ili vumbi la paa limwagike nje. Yote hayo alikuwa anayafanya wakati mimi namwona ni mwanamke wa kufuli tu.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mzee kaenda kanisani Tengeru, huko alikokuwa mtunza stoo wa chuo kimoja kwa miaka mingi, na ndilo kanisa la Aikaeli pia. Karudi, kasema Aikaeli ameacha mwenyewe kazi ya kushika fedha za akina mama wa kanisa na funguo za sanduku lao. Aliwaambia mtu aliyemharibia mzee wake kwa ukaidi hafai kushika funguo za watu.

Sikula.

Jumamosi, 26 Aprili

Aikaeli kaja. Nilimsikia getini anataniana na Lemburis, nikafikiri anamfuata mzee, lakini mzee hakuwepo. Alikuja kwangu. Kabeba kichane kikubwa cha ndizi mchare, zile za kupika, kwenye kiroba.

"Khalfani, kaa."

Nikakaa kwenye ndoo.

"Mzee nilishamwomba msamaha. Wewe bado. Wewe ndiye uliyewatoa mmoja mmoja kwa mikono yako. Niliona siku ile ulivyokuwa. Nimekuja kukuomba."

Nilitazama ndizi. Pampu ilikuwa inatoa mapovu. Nilifungua mdomo kusema, wallahi nilifungua kusema, na nilichosema ni hiki: "Yameisha, dada."

Akashukuru. Akasimama, akanyoosha kanga, akaniachia ndizi akaondoka akitembea kwa wepesi.

Kwa hiyo nimemsamehe mtu kwa kosa langu mwenyewe. Nimeandika sentensi hii mara tatu kwenye karatasi ya pembeni kuona kama kuna namna ya kuiandika ikawa na nafuu. Haipo. Maulida, ukifika hapa ninapokusomea, usiseme kitu kwanza. Ngoja nimalize.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Nilitaka kumwambia mzee kwenye chai. Akaanza kunieleza habari za mgongo wake.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimesema. Nilisimama kati yake na kioo ili asiwatazame samaki, anitazame mimi. Nikamwambia maji ya mvua. Nikamwambia shuka halikufunika kitu.

Aliweka kikombe chake cha chai sakafuni. Kisha akasema, "Ziwa lenu lina maji mazito, yana madini mengi. Haya ya Meru nayo ni mazito, ndiyo maana nilithubutu kuwafuga hapa. Mvua ni maji mepesi. Uliwahamisha dunia kwa siku moja." Akafuta uso. "Sikukuambia sababu. Nilikuambia amri tu. Hilo ni langu."

Nikaanza kupumua. Akanyoosha kidole.

"Lakini wale ni samaki, Khalfani. Makosa ya samaki yanaeleweka. Yule mama nilimtoa humu ndani mbele ya macho yako, na wewe ukaniongezea shuka. Kamwambie. Mimi nitampigia baada yako, sitakutangulia."

"Na kazi yangu, mzee?"

"Nenda kwanza."

Jumamosi, 3 Mei

Siku ya soko Tengeru. Aikaeli alikuwa anauza ndizi na shemeji yake, wamekaa kwenye maturubai, tope mpaka kwenye vifundo. Aliponiona akafurahi. "Mtu wa Kigoma! Umekuja kumaliza ndizi zangu?"

Nilichuchumaa nikamwambia yote. Niliongea haraka ili nisipate nafasi ya kupinda. Shemeji yake aliacha kupanga mafungu.

Aikaeli hakuziba mdomo wala hakulia. Aliuliza jambo moja: "Siku ile nilipokuja na mchare, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia yameisha."

"Ndiyo, dada."

Mteja akaja, akauliza bei; Aikaeli akamhudumia, akamfungia, akamwambia karibu tena. Kisha akanigeukia.

"Karibu wiki sita nimetubu. Asubuhi natubu, jioni natubu. Nimeenda kwa mchungaji. Nimemwomba Mungu anisamehe kitu ambacho hakuniona nikikifanya. Sasa wewe niambie, sala zile nizipeleke wapi?"



"Nisamehe," nikasema.

"Usinichekeshe. Neno lako la msamaha nimeshaliona linavyofanya kazi." Akaokota ndizi iliyoanguka kwenye tope, akaifuta. "Watu wa usharika wangu walisikia kwa mdomo wangu kwamba mimi ni mkaidi. Jumapili ya wiki ijayo uje. Si ndani, ndani siyo kwako. Nje, kwenye mnada. Useme kwa sauti ya kusikika."

Jumatano, 7 Mei

Joto 24. Zimebaki siku nne.

Jumapili, 11 Mei

Nimefika kabla ibada haijaisha, nikasimama kwenye ukuta nasikiliza kwaya. Wakatoka. Desturi yao, asiye na fedha hutoa sadaka ya alichonacho, na baada ya ibada kinanadiwa hapo nje: mayai, jogoo, maziwa, mikungu ya ndizi. Mnadishaji ni mzee mmoja anaitwa Elihuruma, ana sauti ya kufukuza tembo.

"Jogoo huyu! Mtazameni, anawadharau! Nani atamfundisha adabu kwenye sufuria?"

Watu wakacheka. Jogoo alipopata mwenyewe, Aikaeli akamnong'oneza Elihuruma. Mzee Ndesanjo alikuwa kwenye benchi na kofia magotini.

"Mnada umesimama," Elihuruma akasema. "Huyu kijana ana neno. Sema, kijana, usiwe na bei kubwa."

Nikasimama kati ya mikungu. Nikasema naitwa Khalfani, ni Mwislamu, natoka Kigoma, nafanya kazi kwa Mzee Ndesanjo. Nikasema samaki wa mzee niliwaua mimi, kwa kuwatilia maji ya mvua. Dawa ya Aikaeli haikuua hata mmoja. Nilijua tangu siku ya kwanza, nikadanganya, akafukuzwa, akaja kuniomba msamaha nikaupokea.

Kijana mmoja nyuma akasema, "Ni samaki tu jamani!" na baadhi wakacheka. Hapo ndipo uso wa Aikaeli ulipobadilika. Wiki zote zile hakuwahi kunitazama hivyo, kama mtu anayetafuta pa kushika. Watu walikuwa tayari kuliona dogo. Alipokuwa mkosaji yeye, halikuwa dogo.

Sijui nilipata wapi sauti. Nikasema, "Aliyecheka, mama huyu aliporudisha funguo zenu, ulimwambia ni samaki tu?"

Mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha zambarau alitoka kwenye kundi, akaingiza mkono kwenye pochi, akatoa rundo la funguo, akaenda kumpa Aikaeli mkononi bila hotuba. Aikaeli akazipokea. Elihuruma akakohoa, akainua trei ya mayai.

Jumatano, 14 Mei

Karudi Kijenge. Mzee alimfuata mwenyewe na teksi. Kaingia jikoni, kafungua kabati, kasema, "Nani aliweka chumvi kwenye kopo la sukari?" Lemburis akaelekeza kidole kwangu bila kusita.

Hakunisalimia. Nilimwambia shikamoo, ingawa hajanizidi sana umri. Akasema, "Marahaba," akapita.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua zinapungua. Meru umeonekana asubuhi, mweusi kwa unyevu. Mzee kaamua juu ya kazi yangu. Hoteli kaiambia hana samaki. Kwangu kasema, "Umenikuta na matenki matatu yenye uhai. Utaniacha na matatu." Nimehamisha majike sita na madume wawili kutoka tenki la tatu kwenda la kwanza na la pili, kila mmoja ndani ya kombe lake, maji ya bomba yaliyolala pipani. Wanazaa polepole hawa.

Nimempigia Maulida. Nilimwambia masika inaisha na siji. Akauliza sababu, nikamwambia yote, hata ya kusamehe. Nikasikia anavuta kigoda.

"Maulida?"

"Nipo. Nafikiria yule mama." Kisha, "Usije kabla hujamaliza. Nikikuona hapa mapema nitajua umekimbia."

Jumapili, 25 Mei

Leo nimeona vichwa vinne mdomoni mwa kombe, tenki la kwanza. Vidogo mno, vinarudi ndani pampu ikikoroma. Joto 25.

Aikaeli anapika kwa ajili ya mzee na Lemburis. Mimi najipikia. Si kwa ugomvi. Alinieleza vizuri, akiwa ameshika mwiko. "Siwezi bado kukupa chakula na moyo ukatulia. Ukiwa unaondoka nitakupikia cha njiani. Kabla ya hapo, sufuria ile ndogo ni yako." Nikasema sawa, dada. Ananijia saa kumi na moja jioni namfundisha kulisha, kupima joto, kulaza maji. Anashika haraka kuliko nilivyoshika mimi. Leo aliuliza kwa nini maji lazima yawe mazito. Nikamweleza sababu yote, tangu ziwani.

Mzee kapiga hesabu ya vizazi. Wa leo watakuwa wamekua, na wa tenki la pili watakuwa wameshika makombe yao, mwishoni mwa mwezi wa nane. Nitaondoka Arusha Alhamisi ya tarehe 28. Natarajia kufika nyumbani, inshallah, Jumamosi tarehe 30 Agosti, na daftari hili, na kurasa zote zimo.